Matumbawe sebuleni: amana inayodai nafaka

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.t.), Muumba wa bahari ya maji matamu na ya maji ya chumvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, wiki hii safu yetu inajibu swali la dada yetu mmoja wa Tanga. Mumewe anafanya kazi Muscat, na huko ameona katika nyumba za watu matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe hai. Amekusudia kuja likizo ya mwezi mmoja na kuweka tangi la lita 300 sebuleni, ili watoto wafurahi na wamkumbuke baba yao. Dada anauliza mambo mawili. La kwanza: je, jambo hili linajuzu, au ni israfu? La pili, ambalo naona ndilo linalomkosesha usingizi: baba akisharejea kazini, nani atalitunza?

Tuanze na hukumu, kwa kuwa ni fupi. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kidege alichokuwa akicheza nacho. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania mtoto yule kwa ajili ya kidege chake, wala hakumkataza. Wanazuoni wamechukua humo dalili ya kujuzu kufuga ndege kwa kujiburudisha, na viumbe wa majini hukisiwa juu ya hilo. Lakini Sahihi hizo hizo zimepokea kwa Ibn Umar (r.a.) habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia atoke ajitafutie. Hadithi hizi mbili zisomwe pamoja. Ya kwanza inatufungulia mlango, na ya pili inatueleza sharti la kuingia. Ndiyo maana mafaqihi wakasema kwamba nafaka ya mnyama ni wajibu juu ya mwenye kummiliki.

Basi swali letu linarudi hapa: nafaka ya matumbawe ni nini?

Wengi hudhani tumbawe ni jiwe au mmea. Ukweli ni kwamba ni jamii ya wanyama wadogo walioshikana, na aina zilizo ngumu hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, ambao hutumia nuru ya jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Maji yakizidi joto kwa muda, ujirani huo huvunjika: mwani hutoka, tumbawe hupauka, na hali isipotengemaa mapema hufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto lilipopanda katika Bahari ya Hindi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Ikiwa bahari pana ilipatwa na hayo, ni dhahiri kwamba lita 300 za sebuleni zinahitaji mlinzi asiyelala.

Nafaka ya kwanza ni maji yenyewe. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo tangi hilo litahitaji kilo 10 na ushei za chumvi maalumu ya matangi. Chumvi ya jikoni haifai. Maji ya kuchanganyia yachujwe kwa mashine, kwani ya bomba huwa na klorini, na yakiwa na shaba, hata kiasi kidogo, huua matumbawe. Tangi likikauka kwa mvuke, kinachopaa ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo kila siku huongezwa maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, na anayeongeza ya chumvi huzidisha ukali bila kujua. Juu ya hayo, ni desturi nzuri kubadilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki: lita 30, na kilo moja ya chumvi.

Nafaka ya pili ni subira, na hapa nawaomba akina baba wasome kwa makini. Samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Allah ameweka bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 8 kukamilika. Kabla ya hapo, kila kiumbe kitiwacho ndani kinaogeshwa katika sumu. Vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri kwanza. Likizo ya mwezi mmoja, basi, huenda isitoshe hata kuandaa maji. Baba ataondoka kabla tangi halijawa tayari kupokea samaki wa kwanza.

Nafaka ya tatu ni joto lisiloyumba, baina ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Sebule ya Tanga wakati wa kaskazi hupita nyuzi 30, na taa na pampu huongeza joto lake. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, lakini pia huharakisha kukauka. Mashine ya kupoza hufanya kazi vizuri zaidi, ila bei yake na umeme inaokula si vya kupuuzwa.

Nafaka ya nne ni nuru na mwendo wa maji. Taa ziwe maalumu kwa matumbawe, na ziwake saa 8 hadi 10 kwa siku. Pampu zisisimame usiku wala mchana, kwa kuwa ndizo zinazochanganya hewa na maji. Umeme ukikatika, hewa hupungua kwa saa chache tu, hususan katika tangi lenye samaki wengi. Kila nyumba yenye tangi iwe na pampu ndogo ya hewa ya betri, na watoto waelezwe kwamba umeme ukiwa umekatika samaki hawalishwi.

Anayeanza aanze na matumbawe laini, kwani yale magumu hunyonya kalsiamu kutoka majini kila siku, na mtunzaji hulazimika kuipima na kuirejesha ibaki baina ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Yapangwe kwa nafasi, kwa sababu baadhi hunyoosha mikono yao usiku na kumchoma aliye karibu. Vilevile zipo aina za matumbawe laini zenye sumu kali: mtu asiyashike bila glavu, wala asiyachemshe mawe yake, kwani mvuke wake unaweza kumdhuru. Waya za umeme zining'inie chini ya soketi ili tone la maji lisiifikie.

Yatatoka wapi? Yasitoke baharini kwetu. Kuvunja tumbawe lililokua kwa miaka mingi ili kupamba sebule ni kuharibu mazalia ya samaki na riziki ya wavuvi, nasi watu wa pwani tunajua miamba ilivyoteseka kwa uvuvi wa baruti. Zaidi ya hayo, biashara ya matumbawe magumu baina ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa wa CITES, na ni lazima yawe na kibali. Kwa hiyo asidhani atayatia katika sanduku lake akiwa safarini kutoka Muscat. Halali iliyo safi ni vipande vilivyokatwa kutoka matumbawe yaliyokuzwa ndani ya matangi, na samaki waliozalishwa humo humo. Na mtu akishindwa kuwatunza, asiwamwage baharini akidhani amewahurumia. Huko Marekani, samaki wenye miiba ya sumu wa asili ya bahari zetu walionekana Florida mwaka 1985, na inaaminika chanzo ni watu waliowaachia kutoka matangini. Leo wametapakaa na wanawala samaki wa huko. Awape wanaojua kuwatunza.

Sasa turejee kwa dada yetu. Kuhusu israfu, pambo la halali kwa mali ya halali halikatazwi, baada ya nafaka ya watu wa nyumbani, ada za watoto na madeni. Likinunuliwa kwa mkopo wa riba, au likala fedha ya chakula, limetoka katika uhalali wake. Mume ajumlishe gharama ya umeme na chumvi ya mwaka mzima, asitazame bei ya kioo peke yake.

Ama nani atalitunza, jibu letu ni hili: nafaka ni juu ya anayemiliki. Mume hana haki ya kununua viumbe hai kisha akamwachia mke amana hiyo kimyakimya, akapanda ndege. Kupima maji na kuamka usiku umeme ukikatika ni kazi, na si katika yale aliyoyakubali siku ya nikaha. Akiridhia kwa moyo mkunjufu baada ya kuelezwa yote haya, ni ihsani, na atarajie malipo kwa Mola wake, kwani kumhudumia kila kiumbe chenye uhai kuna ujira. Asiporidhia, asionekane mkaidi. Kaeni mshauriane, na namshauri ndugu yetu aliahirishe jambo hili mpaka atakaporejea nyumbani moja kwa moja.

Hadi siku hiyo, watoto wasikose. Tanga ina miamba yake, na tangu mwaka 2009 sehemu ya bahari hiyo ni hifadhi ya silikanti. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, wachukueni wakayaone matumbawe mahali Allah alipoyaweka. Wavae viatu, wasiyakanyage wala kuyang'oa. Kisha jioni wasomeeni Surat ar-Rahman, wafike pale lulu na marijani zinapotajwa, na muwaulize wameona nini.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.