Betri inasingiziwa: ngoma haiui basi la umeme

Juzi nilipanda basi la umeme kutoka tao hadi Rongai. Kimya, hadi nikasikia simu ya mama wa kiti cha nyuma mwanzo mpaka mwisho. Sasa najua deni lote la chama chake. Nikamwambia makanga, "Buda, weka ngoma basi." Akanijibu, "Zii, tutamaliza chaji."

Hebu tupige hesabu. Tuseme redio na spika zinavuta wati 1,000 bila kupumzika kwa muda wa saa 10. Hizo ni uniti 10. Kwa bei ya kuchaji magari iliyoidhinishwa na EPRA mwaka wa 2023, ni Sh160 mchana, au Sh80 ukichaji usiku umeme ukiwa rahisi. Basi dogo hula kama nusu uniti hadi uniti moja kwa kilomita, kwa hivyo ngoma ya siku nzima inakunyima kilomita 10 hadi 20. Mabasi ya viti 25 ambayo BasiGo ilianza nayo Nairobi mwaka wa 2022 yalitangazwa kufika kilomita 250 kwa chaji moja.

Si bure, siwadanganyi. Ni kama kuenda Rongai mara moja. Na kwenye jam mota ikisimama haili karibu chochote, lakini spika zinaendelea kula. Ukifunga mtambo wa wati 3,000 na skrini kila mahali, zidisha mara tatu.

Lakini kinachozimisha gari mara nyingi ni kingine kabisa. Redio hailishwi na betri kubwa moja kwa moja. Kuna betri ndogo, kama ya gari la kawaida, inayobeba redio, taa na kompyuta za kuamsha gari. Gari likiwa limewashwa, kubwa huijaza ndogo. Dere akizima gari steji na kuacha ngoma ikicheza akingoja abiria, ndogo inakauka. Basi linagoma kuwaka na betri kubwa iko asilimia 80! Hapo ndipo watu husema muziki umemaliza chaji.

Mbona najali? Mimi niliacha chuo, na mabeshte wangu kadhaa pia. Mmoja anachora grafiti kwa nganya, mwingine anafunga spika, wa tatu anatengeneza miksi za ruti. Dizeli ikiondoka na mabasi yaje yakiwa meupe na bubu, hawa kazi yao imeisha, na si kwa sababu ya umeme.

Kuna wenye matatu wanaolipia mabasi haya kwa kila kilomita, betri si yao, kwa hivyo wanaogopa kugusa chochote. Wana haki. Zile nyaya za rangi ya chungwa zina volti mamia, fundi wa mtaani akizikata anakufa. Basi wanaounda mabasi hapa Kenya watuwekee sehemu moja salama ya kuunganishia spika, yenye kikomo cha wati na swichi inayozima ngoma betri ndogo ikishuka. Beshte yangu wa spika anasema akipewa hiyo, siku moja inamtosha kufunga kila kitu.