Msichana Asiyekuwa na 'Shopping'

Muhula uliopita nilikwenda kumkagua mwanafunzi wangu wa ualimu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya bweni, si mbali na mji wa Kakamega. Baada ya kipindi nilipitia daftari za insha alizokuwa amesahihisha. Katika mojawapo, msichana mmoja alikuwa ameandika: "Nilifika shuleni bila shopping." Mwalimu alikuwa amelikata neno la mwisho kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "ununuzi".

Naomba msomaji aisome sentensi hiyo upya: Nilifika shuleni bila ununuzi. Ununuzi ni tendo la kununua, na hakuna afikaye mahali akiwa amebeba tendo mkononi. Kosa moja la msamiati limeondolewa na maana yote ya sentensi ikaondoka nalo.

Neno lenyewe si geni kwa kuhama maana. Huko kwao Uingereza, katika karne ya 16, kitenzi kilichozaa neno hili kilimaanisha kumtia mtu kifungoni. Maana ya kuzuru maduka ilikuja katika karne ya 18. Lilipofika kwetu Kenya lilihama tena. Likawa nomino ya vitu, likaingia katika ngeli ya I-ZI bila kumwomba mtu ruhusa, na likashika umoja hata pale linapotaja mzigo wa vitu ishirini: shopping yangu imeisha, shopping yake imeibwa. Ndivyo tusemavyo sukari au chumvi.

Wala si kila kinunuliwacho huitwa hivyo. Hapa Kakamega tuna soko la Lubao, linalojulikana mbali kwa biashara ya mbwa. Sijapata kumsikia mtu akisema amekwenda Lubao kufanya shopping. Anayechagua mboga kwa mama wa sokoni husema amekwenda sokoni; akichukua mboga hizo hizo kwenye rafu ya supamaketi, ghafla anafanya shopping. Neno hili lina tabaka.

Tabaka hilo huonekana wazi zaidi shule zinapofunguliwa. Siku moja nikiwa kwenye stendi ya magari hapa mjini, nilimsikia mvulana aliyeketi juu ya sanduku lake la bati akilalamika.

"Mama, na shopping?"

"Si hiyo hapo, mwanangu? Sabuni, dawa ya meno, karatasi za choo, sukari kilo mbili."

"Mama, hayo ni matumizi tu. Shopping ni biskuti, maziwa ya unga, juisi."

Mama alinyamaza. Nami, nikiwa mwanaisimu, nilikiri moyoni kwamba kijana ametoa fasili iliyo bora kuliko ile ambayo ningeitoa darasani. Kwa wanafunzi wa bweni, shopping ni kile kinachobaki baada ya mahitaji kutolewa. Tangu mwaka wa 2008 serikali imechukua mzigo wa karo ya masomo katika sekondari, lakini gharama za bweni na sanduku zimebaki kwa mzazi, na usiku wa kwanza bwenini masanduku hufunguliwa mbele ya macho ya wenzake.

Je, Kiswahili hakina maneno? Kinayo. Kuhemea ni kwenda kutafuta au kununua chakula, hasa mbali na nyumbani wakati wa uhaba, na ndugu zetu wa Tanzania husema mahemezi bila haya yoyote. Masurufu ni akiba ya msafiri, na ni nani aliye msafiri kuliko mtoto anayekwenda kukaa miezi mitatu ugenini? "Nilifika shuleni bila masurufu" ingekuwa sentensi safi. Simlaumu msichana kwa kutolijua neno hilo, kwa maana hata mwalimu wake hakulijua. Wala sipingi maneno ya kigeni kwa ugeni wake. Soko na duka, tusiyoyashuku leo, nayo yalitujia kutoka lugha za Mashariki. Ninachopinga ni kalamu nyekundu inayokata neno kabla ya kuuliza mwandishi alitaka kusema nini.

Masurufu, hata hivyo, hayabebi aibu ile. Yeyote atakayelifundisha itambidi kwanza aisikilize.

Niliendelea kuisoma insha hadi mwisho. Msichana alisimulia jinsi alivyojifanya anaumwa na tumbo siku ya kwanza, ili asiulizwe mbona hali wakati wenzake wanakula. Nilimwuliza mwalimu kama kisa kile kilikuwa cha kubuni au cha mtoto mwenyewe. Alitazama daftari, akatazama jina juu yake, akasema hakuwa amefikiria. Alikuwa amempa alama 9 kati ya 20.