Fundi Atakapo Kukuongezea Kazi



Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja aliyehitimu Qurani kwangu miaka mingi nyuma, naye sasa ni mpokeaji wa wateja katika gereji moja ya mkoa wetu huu wa Shinyanga. Alikuja na swali, na uso wake haukuwa na furaha. Akasema, "Maalim, tajiri ametuamuru kwamba kila gari liletwalo kumwagwa oili, tumshike mwenyewe aongeze mambo matatu: kuoshwa injini kwa dawa, dawa ya kusafisha njia za petroli, na kutiwa naitrojeni katika magurudumu. Kila akubaliye, mimi napata fungu langu. Je, fungu hilo ni halali?"

Nikamwomba anipe siku chache. Kwanza, mimi si mufti, ni mwalimu wa chuo tu, na penye kosa masheikh watanisahihisha. Pili, nilikuwa na kisa changu mwenyewe katika jambo hilo hilo, na kisa chenyewe kilikuwa bado kinanichoma.

Chuo chetu kina motokaa ya abiria iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi, nayo huwachukua watoto na kuwarudisha. Ni kama nyingi za huku: imeletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha tumika, na kitabu chake cha maelezo kimeandikwa Kijapani, basi sisi hatuna tulijualo ila lile atakalotuambia fundi. Siku moja niliipeleka kumwagwa oili. Boneti likiwa wazi, akaja kijana mwenye karatasi, akanitajia nyongeza tatu upesi upesi mbele ya watu waliosimama pale. Nikaona haya kuuliza bei, nikaona haya zaidi kusema sina. Nikajibu, "Haya, fanyeni." Hesabu ilipokuja ilikuwa karibu mara mbili ya ile tuliyopatana, na fedha ile haikuwa yangu. Katika kikao cha wazazi mama mmoja auzaye maandazi sokoni akaniuliza kwa adabu kabisa, "Maalim, hiyo naitrojeni ni kitu gani?" Sikuwa na la kujibu.

Baadaye nilijifunza kwamba hewa hii tuivutayo bure, katika kila sehemu 100 karibu sehemu 78 ni hiyo hiyo naitrojeni. Katika magurudumu ya eropleni ina faida yake. Motokaa ya kuchukua watoto wa chuo yatosha kupimwa upepo kila juma.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo mbaya zaidi. Safari iliyofuata nilikwenda gereji na hasira zangu, nikaazimia kukataa kila neno. Fundi mtu mzima, asiye na karatasi yoyote, akaniita nitazame maji ya breki, yamekuwa meusi kama kahawa. Akasema yabadilishwe. Mimi nikadhani ni hila zile zile, nikamwambia, "Oili tu, basi." Siku ya kuwapeleka watoto Geita kwenye mashindano ya kusoma Qurani, motokaa imejaa, katika mteremko mmoja wa vilima vya huko, pedali ikazama chini ya mguu wa dereva kama mtu akanyagaye sifongo. Akaishika kwa gea na breki ya mkono mpaka ikasimama. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Kumbe maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na breki zikipata moto unyevu ule huchemka ukawa mvuke, nao mvuke haubebi nguvu ya mguu. Ndiyo sababu wajuzi wengi hupendekeza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili au karibu yake.

Basi mara ya kwanza niliharibu mali ya amana kwa haya, na mara ya pili nikahatarisha watoto wa watu kwa dhana mbaya. Tena yote mawili niliyafanya bila kuinama nikatazama.

Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, ametukataza kula mali zetu wenyewe kwa wenyewe kwa batili, akahalalisha biashara itokanayo na kuridhiana. Yule anayesema "haya, fanyeni" kwa kuogopa macho ya watu, hajaridhia. Na wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema kwamba mali iliyotolewa na mtu kwa kutahayarishwa haimhalalikii aliyeipokea, ni kama iliyonyang'anywa. Tajiri wa gereji na alifikiri hili kabla ya kutuma kijana na karatasi.

Ama kazi iliyofanywa pasipo kutajwa ujira, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameieleza katika kitabu chake Minhaj kwa mfano wa mtu aliyempa dobi nguo bila ya kutaja malipo: kauli yenye nguvu ni kwamba dobi hana ujira. Iko na kauli ya kwamba akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi ile kwa malipo atapewa, na Imamu akaashiria kwamba kauli hiyo yaweza kuonwa njema. Tazama basi: nguo aliyoitoa mwenyewe kwa hiari ifuliwe, maimamu wamehitilafiana katika ujira wake kwa sababu tu haukutajwa. Seuze kazi usiyoiagiza, uliyoikuta katika hesabu wakati ufunguo wa motokaa uko mkononi mwa fundi! Kwa hiyo, mwenye motokaa, taja kazi na uulize bei kabla boneti halijafunguliwa, useme waziwazi kwamba lolote jingine usiulizwe ila kwa kuonyeshwa kwanza. Na kifaa kikibadilishwa, dai kile cha zamani ukione. Kufanya hivyo si uchoyo.

Huku kwetu usikatae kila nyongeza. Anayekwenda Kakola au migodini wakati wa kiangazi anajua vumbi lile. Kichujio cha hewa ambacho mtu wa mjini hukaa nacho mwaka mzima, kwetu huweza kuziba upesi. Kitoe, kielekeze juani. Kama mwanga haupiti, mwambie fundi abadili. Maji ya kisima katika rejeta huacha magadi, kwa hiyo dawa maalum ya rejeta ni mali iliyowekwa mahali pake. Magurudumu yakilika upande mmoja, kunyoosha usukani ni lazima. Ama kuosha injini, dawa hutiwa katika oili kuukuu, injini ikaachwa iungurume dakika chache, kisha vyote vikamwagwa. Injini iliyobadilishiwa oili kwa wakati haina tope la kuoshwa. Na ile iliyotelekezwa, tope likibanduka kwa ghafula huenda likaziba njia ya oili, ukarudi nyumbani kwa kuvutwa.

Yule kijana aliporejea nilimwambia kwamba ujira wa kumletea tajiri kazi ni halali kama ujira wa dalali, maadamu anasema kweli. Lakini akimwambia mtu "gari lako lahitaji hili" hali ajua halihitaji, amekuwa kama yule mwenye chungu ya nafaka ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea kwa maneno makali yajulikanayo na kila mtoto wa chuo. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, imemkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi.

Akaniuliza, "Na tajiri akinifukuza, Maalim? Nina watoto wawili." Sikumjibu upesi, kwani ni rahisi mtu aliye nje kumwambia mwenzake aache mkate wake. Nikamwambia aanze kwa kutaja bei, na kumwonyesha mwenye gari kitu chenyewe, na kuongeza maneno matatu tu: "hii si lazima."

Amefanya hivyo majuma matatu sasa. Fungu lake limepungua zaidi ya nusu, na tajiri amekwisha muuliza kulikoni. Kamati ya wazazi imekubali motokaa ya chuo ipelekwe kwake mwezi huu, na mama wa maandazi amesema atakwenda pamoja nami.