Kifua kikuu cha mtoto mchanga: uchunguzi uanze kwa mama

Kifua kikuu cha mtu mzima hujitangaza. Mgonjwa hukohoa wiki nenda wiki rudi, mashavu yakabonyea, shuka zikalowa jasho usiku, na aghalabu majirani hujua kabla ya daktari. Mtoto mchanga wa siku 20 hana uwezo huo. Hawezi kutema makohozi kikombeni yakapelekwa maabarani, wala hawezi kueleza panapomwuma. Ninaandika leo juu ya mtoto huyo kwa sababu naamini kwamba mara nyingi tunautafuta ugonjwa wake mahali pasipofaa, na muda unaopotea katika kutafuta huko ni muda ambao yeye hana.

Katika madarasa ya biolojia tumezoea kufunza kwamba viini vya kifua kikuu, vile alivyovitangaza Robert Koch mnamo Machi 24, 1882, husafiri hewani kutoka kifua cha mtu hadi kifua cha mwingine. Hilo ni kweli, na hata kwa wachanga njia hiyo ndiyo inayowaambukiza wengi: mama, nyanya au yaya mwenye kikohozi humpakata mtoto na kumwimbia, naye huvuta hewa iyo hiyo. Lakini ziko njia nyingine mbili ambazo ni nadra kutajwa darasani. Viini vikiingia katika damu ya mama mjamzito vyaweza kukalia kondo la nyuma, vikapita katika mshipa wa kitovu na kufika kwenye ini la mtoto hata kabla ya kuyagusa mapafu yake. Au huenda ugonjwa umo ndani ya nyumba ya uzazi yenyewe, ukachafua maji yanayomzunguka mtoto tumboni, naye akayameza au kuyavuta mapafuni. Kifua kikuu hiki cha kuzaliwa nacho si cha kila siku. Visa vilivyoandikwa katika majarida ya tiba ulimwenguni ni mamia tu. Hata hivyo, ugonjwa ambao hakuna anayeutafuta utaonekana kuwa nadra siku zote.

Dalili huanza kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu ya maisha. Mtoto hupumua kwa shida, hupata homa, hulegea, hukataa titi, na uzito hauongezeki. Tumbo hufura kwa kuwa ini na wengu vimevimba. Wengine hutokwa na usaha masikioni. Akina nyanya watasema ni kijicho, au ni nyuni. Siwacheki hata kidogo, kwani daktari naye hubabaika papo hapo: dalili hizo zote ni zile zile za sumu ya bakteria wa kawaida katika damu, ambayo huwapata wachanga wengi zaidi. Basi mtoto huanzishiwa viuavijasumu, na ni haki aanzishiwe. Kosa huja baadaye, anapokosa kupata nafuu, dawa moja ikabadilishwa kwa nyingine, na hakuna aliyemgeukia mama aliyeketi kando ya kitanda akamwuliza, "Na wewe, mama, hali yako ikoje?"

Vipimo navyo havitoshi vikiachwa peke yake. Kile cha kudunga ngozi, ambacho hutufaa kwa watoto wakubwa, kwa mchanga mara nyingi hakionyeshi kitu, kwa kuwa kinga yake bado ni changa mno kuitikia. Makohozi anayoyameza usingizini hutolewa tumboni alfajiri, kabla hajanyonya, kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani. Eksirei ya kifua husaidia. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili, na siku hizi hata kinyesi cha mtoto huweza kupimwa kwayo. Lakini viini vya mtoto ni vichache, na jibu la "hakuna" halimaanishi kwamba hakuna. Kondo la nyuma lingeweza kutoa ushahidi mkubwa, ila kufikia siku mtoto anapougua, limekwisha kuzikwa au kuchomwa zamani. Ndiyo maana nashikilia kwamba mkunga aliye na shaka juu ya mama aliweke kondo hilo lichunguzwe siku ile ile ya kujifungua.

Shahidi anayebaki ni mama. Katika visa vingi vilivyoandikwa, mama hakuwa akijua kuwa anaugua mpaka mtoto wake alipougua. Mimba ni pazia zito: uchovu huambiwa ni wa mimba, pumzi fupi ni ya mimba, na uzito unaopotea hufidiwa na uzito wa mtoto anayekua. Wala asiyekohoa hajaepuka, maana kifua kikuu cha nyumba ya uzazi hakina kikohozi. Kwa hivyo maswali ya kikohozi, homa, jasho la usiku na uzito usioongezeka hayana budi kuulizwa kila mara mjamzito ahudhuriapo kliniki, wala si siku ya kwanza tu. Wanaoishi naye nyumbani waulizwe pia. Mtoto wa kwanza kupewa chanjo ya BCG, jijini Paris mwezi wa Julai 1921, alikuwa yatima wa mama aliyekufa kwa kifua kikuu, na nyanya ambaye angemlea alikuwa na ugonjwa uo huo.

Nanyi walimu mna sehemu yenu. Msichana aliyejifungua akarudi shuleni, kama sera ya nchi inavyomruhusu, huwa amemwacha mtoto nyumbani. Akikohoa bwenini wiki mbili, matroni humpa dawa ya mafua. Ni nani atakayekumbuka kwamba kila Ijumaa msichana huyo huenda kumnyonyesha mtoto wa miezi miwili? Apelekwe kupimwa, na mtoto apelekwe pamoja naye.

Matibabu yapo, na katika hospitali za umma hayalipiwi. Asipotibiwa, mtoto aliyezaliwa na ugonjwa huu hana matumaini makubwa ya kuishi. Akiwahiwa, anaweza kupona. Hupewa dawa za pamoja, isoniazidi na rifampisini zikiwa nguzo, kwa miezi 6 au zaidi, na karibu mwaka mzima ikiwa utando wa ubongo umeguswa. Utaratibu wa miezi 4 ulioidhinishwa kwa watoto mnamo 2022 haumhusu aliye chini ya miezi 3. Twapaswa kujivunia kwamba majaribio yaliyofupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi 6 yalifanywa hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, na kwamba mwaka 2016 Kenya ilitangulia mataifa mengine kusambaza kote nchini vidonge vya watoto vinavyoyeyuka majini. Lakini kwa mchanga kabisa, kipimo cha dawa kikadiriwe na daktari mzoefu, na kibadilishwe kadiri uzito unavyopanda. Asiwepo mzazi wa kukata kidonge kwa kisu jikoni.

Limebaki jambo moja linaloniudhi. Mama akigunduliwa ana kifua kikuu, jamaa hukimbilia kumpokonya mtoto na kumnunulia maziwa ya kopo. La hasha! Viini havipiti katika maziwa ya mama, na dawa anazomeza hazimdhuru anayenyonya. Mama avae barakoa, madirisha yafunguliwe, anywe dawa zake bila kukosa, amnyonyeshe mwanawe. Kutenganishwa huzungumziwa tu pale ambapo viini vimekuwa sugu au mama yu taabani. Mtoto mwenyewe achunguzwe. Akionekana mzima, hupewa isoniazidi kila siku kwa miezi 6, pamoja na vitamini B6. Katika kipindi hicho chanjo ya BCG huahirishwa, kwa sababu chanjo hiyo ni viini hai na dawa ingeviua. Hudungwa mkono wa kushoto wiki mbili baada ya dawa kwisha, iwapo mtoto hana virusi vya ukimwi. Mama asiyeelezwa hayo ataona mkono wa mwanawe hauna kovu kama la watoto wa jirani, adhani amesahauliwa, ampeleke kwingine akachanjwe kabla ya wakati. Muuguzi aiandike tarehe hiyo katika kijitabu cha kliniki, amsomee mama kwa lugha anayoielewa.