Wenye hisa waulize nani anaamshwa mtandao ukikatika

KISAKI, Morogoro Vijijini: Wanunuzi wa ufuta na mpunga wanaofika hapa kwa treni ya TAZARA, wengi wao hawabebi tena maburungutu ya noti kiunoni kama zamani. Fedha ziko kwenye simu. Bei ikishakubaliwa na gunia likapimwa, kinachobaki ni mnunuzi kutuma fedha na mkulima kwenda kwa wakala kuzitoa. Mtandao ukikatika saa 4 asubuhi, hapo hapo soko linalala. Mkulima haachii mzigo kwa ahadi, mwenye lori anadai fedha ya kusubiri, na barabara ya kwenda Morogoro mjini, zaidi ya kilometa 130 kupitia Mvuha na Matombo, si ya kuifuata fedha taslimu na kurudi jioni, hasa wakati wa masika.

Mfanyabiashara aliyekwama namna hiyo hulaumu "mtandao" kana kwamba mtandao ni mvua. Ukweli ni kwamba mahali fulani Dar es Salaam yupo fundi wa zamu ambaye simu yake ilipaswa kulia dakika ile ile. Ililia? Aliisikia? Kama hakuitikia, nani alifuata kupigiwa, na baada ya dakika ngapi? Kazi hiyo ya kugundua hitilafu, kumwita fundi, na akikaa kimya kumwita mwenzake kisha mkubwa wao, siku hizi hufanywa na programu maalumu za kompyuta. Makampuni ya simu, benki na wenye mifumo ya malipo hununua programu hizo, au huzikosa, bila mwenye hisa kujua lolote.

Na mwenye hisa anahusika. Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja. NMB iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Maelfu ya watu wa kipato cha kawaida wamo humo, na sehemu ya gawio lao hutokana na makato madogo madogo ya miamala kama hiyo ya Kisaki. Muamala usiopita hauna makato. Hata hivyo kwenye mikutano mikuu ya mwaka maswali huwa ni ya gawio, posho na chakula cha mchana.

Wauzaji wa programu hizi husifia mambo mengi: michoro ya rangi, ripoti za kila wiki, na sasa akili mnemba inayodaiwa kueleza chanzo cha hitilafu kabla fundi hajavaa viatu. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki hayo ni mapambo. Swali la kwanza liwe moja: intaneti ikifa, programu hii itamfikia fundi kwa njia gani?

Swali hili halikutungwa ofisini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ya umeme ilipata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Tazama siku zenyewe: Jumapili na sikukuu. Hitilafu haina adabu ya kusubiri saa za kazi, na programu inayotuma ujumbe wa intaneti peke yake itakuwa imelala pamoja na mtandao inaoulinda.

Wakubwa wa dunia nao wamenaswa na mtego huo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6, na vyombo ambavyo mafundi wake walivitumia kuwasiliana vilikuwa juu ya mtandao huo huo, vikazimika navyo. Mlinzi aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua hawezi kuita zimamoto.

Kwa hiyo programu inayofaa ni ile inayopiga simu ya kawaida ya sauti na kutuma ujumbe mfupi, tena kwa namba za mitandao miwili tofauti. Jambo la pili, ambalo wanunuzi wengi hulisahau, ni kwamba kompyuta za programu hizi kwa kawaida ziko ng'ambo. PagerDuty, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2009 na kuingia soko la hisa la New York mwaka 2019, inahudumia wateja kutoka Marekani na Ulaya. Waya wa baharini ukikatika, kengele ya Dar es Salaam haifiki huko, na asiyepata kengele hudhani mambo ni shwari. Dawa yake ipo. Mtambo wa hapa nchini hutuma salamu kila dakika, na programu hupiga simu pale inapokosa salamu hiyo. Anayeuza programu akishindwa kueleza kipengele hiki kwa lugha nyepesi, mazungumzo ya bei yasianze. Hata ukiwa nacho, ni busara kuwa na kimashine kidogo chenye laini za simu ndani ya jengo lenyewe, kinachoweza kumpigia fundi bila kuomba ruhusa ya bahari.

Kuna hatari nyingine inayowahusu zaidi watu wa fedha, nayo ni uhai wa muuzaji. Opsgenie, iliyoanzia Uturuki, ilinunuliwa na Atlassian ya Australia mwaka 2018 kwa dola milioni 295. Aprili 2022 kosa la ndani la Atlassian lilifuta huduma za wateja 775, baadhi kwa siku 14, na Opsgenie ilikuwa miongoni mwa huduma zilizopotea. Wateja hao walikosa kengele na mitambo yao kwa wakati mmoja. Machi 2025 Atlassian ikatangaza kuwa itaacha kuwauzia wateja wapya kuanzia Juni mwaka huo, na kwamba huduma itafungwa kabisa tarehe 5 Aprili 2027. VictorOps nayo ilinunuliwa na Splunk mwaka 2018 kwa dola milioni 120, na Splunk yenyewe ikamezwa na Cisco mwaka 2024 kwa dola bilioni 28. Mteja mdogo wa Afrika hana sauti katika ndoa kubwa namna hizo.

Wapo wanaoshauri programu za bure, ambazo mtu huziweka kwenye kompyuta zake mwenyewe. Hoja yao ina nguvu, ila bure nayo ina gharama. Grafana OnCall ilikuwa ya bure. Machi 2025 wenyewe walitangaza kuwa hawataiendeleza, na kwamba wataifunga Machi 2026. GoAlert, iliyotolewa bure mwaka 2019 na Target, kampuni ya maduka ya Marekani, humtegemea mtu wa kati anayelipwa ili simu na ujumbe vitoke. Kampuni yenye vijana wanaojua kazi inaweza kuiunganisha na huduma ya karibu kama Africa's Talking ya Nairobi. Isiyo na vijana hao ilipie tu.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Kwa bei ya kawaida ya PagerDuty ya mwaka 2025, dola 21 kwa mtu kwa mwezi, mafundi 8 ni dola 2,016 kwa mwaka, yaani karibu shilingi milioni 5. Bei ya pikipiki mbili hivi. Kampuni inayohesabu makato kwa mabilioni ikikwepa gharama hiyo, hilo si kubana matumizi.

Lakini pikipiki bila dereva haiendi, na hapa ndipo viongozi wengi wa kampuni hukosea. Hununua programu, wakaelekeza kengele zote kwa kijana mmoja hodari, kila usiku, kila wiki. Mwezi wa kwanza anaamka. Mwezi wa tatu kengele 40 za usiku, 38 kati yake za uongo, zinamfanya azime sauti ya simu. Mwezi wa sita anahamia kampuni shindani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na zisizidi 50 katika wiki 4. Programu nzuri hutoa hesabu ya nani ameamshwa mara ngapi, na hesabu hiyo ifike kwa mhasibu, isiishie kwa mkuu wa mafundi.

Kisaki inafundisha jambo jingine ambalo mtu wa mjini hulikosa. Hitilafu nyingine haiko kwenye kompyuta, iko kwenye mnara. Na mnara mara nyingi si mali ya kampuni ya simu: Vodacom, kwa mfano, iliuza minara yake kwa Helios Towers mwaka 2013. Kwa hiyo kengele ya mnara uliozimika lazima ivuke kutoka kampuni moja hadi nyingine, kisha imfikie fundi mwenye gari, vipuri na mafuta ya jenereta, ambaye huenda yuko Morogoro mjini. Programu iliyopangwa kwa mafundi wa kukaa mezani humwita mtu wa kwanza, baada ya dakika 5 wa pili, baada ya 10 mkubwa wao. Fundi wa barabarani kwenye milima ya Uluguru anahitaji mpangilio mwingine, unaokubali kwamba ameitikia na yuko njiani kwa saa kadhaa, usiendelee kuwaamsha wengine sita bure. Tena uwape mawakala habari ya muda wa kungoja. Mnunuzi wa ufuta akiambiwa saa 5 kwamba huduma itarudi saa 10, atajua kama ashushe mzigo au amlipe mwenye lori asubiri.

Majaribio kabla ya kusaini mkataba ni rahisi. Izimwe intaneti ya ofisi Jumapili moja alfajiri bila kumwambia fundi wa zamu, ihesabiwe ni dakika ngapi mpaka simu yake ilie, na ni ngapi mpaka aitikie. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu. Makampuni ambayo bado yako Opsgenie yana mpaka tarehe 5 Aprili 2027 kuhama, na mwanahisa anayehudhuria mkutano mkuu kabla ya siku hiyo ana haki ya kuuliza bodi wanahamia wapi, kwa bei gani, na jaribio la Jumapili lilichukua dakika ngapi.