Mpango wa kulipa deni: tuendelee au tuache?

Familia zetu zilizoko Uingereza, nyingi zinalipa madeni kwa mafungu ya kila mwezi, na zimechoka. Sisi twasema: msiache kwa kuchoka tu, deni ni dhima. Lakini tazameni taarifa zenu, kwani mpango huo haumlazimishi mdai kusimamisha riba. Deni lisipopungua, au fungu likila chakula cha watoto, ombeni lipunguzwe. Suratul Baqara aya ya 280 yataka mwenye dhiki apewe muhula. Wakala akitoza ada, hamieni StepChange, hawatozi. Huko England na Wales, asiye na uwezo aweza kuomba kufutiwa deni bila kwenda mahakamani, na tangu Juni 2024 kikomo cha deni hilo ni pauni 50,000. Ila Mola akikunjueni baadaye, lipeni. Wallahu a'lam.