Dawa ya Nguvu Si ya Kila Mtu

Wako watu wasemao kwamba dawa za Kichina za kutia mwili nguvu haziwezi kumdhuru mtu, kwa kuwa ni mizizi na majani, na kwa kuwa zimetumiwa karne nyingi. Hoja hii ni tamu masikioni, lakini haina nguzo. Muhogo mchungu ni mzizi pia, wala hakuna mama mwenye busara awalishaye wanawe mbichi.

Tuwaulize kwanza wenye dawa. Tabibu Li Shizhen, ambaye kitabu chake kikubwa kilichapishwa Nanjing mwaka 1596, alieleza dawa 1,892. Hakuzieleza ili kila mtu azinywe zote, bali ili kila moja apewe imfaaye. Matabibu wa Uchina hufundisha kwamba dawa ya nguvu ni ya mwenye upungufu. Kumpa aliyeshikwa na homa, wasema, ni kufunga mlango hali mwizi yumo ndani. Basi wauzao chupa moja kwa wazee, wajawazito na watoto, wanaikana hekima ileile wanayojivunia.

Sayansi ya leo imeongeza maonyo. Mzizi wa jinsengi huweza kupunguza nguvu ya warfarini, dawa izuiayo damu kuganda. Aitumiaye na auepuke. Mwenye kisukari anayetumia dawa asiunywe pasipo shauri la daktari, maana sukari ya damu yaweza kushuka kupita kiasi. Danggui, usifiwao kuwa hujenga damu ya wanawake, huzidisha hatari ya kutokwa na damu kwa mtumiaji wa warfarini, na mjamzito haumfai. Urukususu, utiwao katika michanganyiko mingi, hubakiza chumvi mwilini na kupandisha shinikizo la damu. Mgonjwa wa moyo au wa figo na auache. Heshouwu, unywewao ili kuzuia mvi, umewaumiza watu maini. Mwenye ini dhaifu asiuguse.

Adhaniaye kuwa haya ni vitisho vitupu na aitazame Ubelgiji. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walitangaza habari za wanawake walioharibika figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene, ambamo mmea mmoja wa Kichina uliingia mahali pa mwingine. Baadaye idadi yao ilipita 100. Na uliowadhuru ulikuwa mmea tu.

Mtu atajibu kwamba dawa za hospitali nazo hudhuru. Ni kweli, ndiyo sababu hazitolewi kabla mgonjwa hajaulizwa umri wake, ujauzito wake na dawa nyingine atumiazo. Hatudai zaidi ya hayo kwa mizizi ya Uchina. Muuzaji asiyeuliza lolote hauzi tiba, auza bahati nasibu. Nawe msomaji, usimfiche daktari wako unachokunywa. Kila chombo kwa wimbile, na mwili wa mwanadamu ni chombo kisichonunuliwa mara ya pili.